Maswali ya Wasomaji: Chapa kwenye Vyuma vya Bunduki za Kale

Barua tatu tulizochagua safari hii, moja kutoka Himo na mbili kutoka Arusha, zinahusu jambo moja: herufi, namba na alama ndogo zilizogongwa kwenye vyuma vya bunduki za kijeshi za zamani. Tumezifupisha bila kubadilisha maana yake.

SWALI: Ndugu Mhariri, salaam. Vijana waliokuwa wakichimba mfereji wa maji shambani kwangu walifukua vyuma viwili vilivyoliwa na kutu. Cha kwanza ni kama komeo nene lenye mkono na kirungu mwishoni. Kwenye shina la mkono huo nimesoma herufi K na namba 4172, na karibu yake pana taji dogo, chini ya taji namba 27, na chini kabisa herufi E. Cha pili ni pete bapa yenye namba 36 na herufi moja ya maandishi ya kizamani iliyovikwa taji. Jirani yangu, mwalimu mstaafu, anasema 36 ni mwaka 1936, kwa hiyo vyuma hivi havihusiani na vita vya Wajerumani na Waingereza. Je, ni kweli? Na vilitengenezwa na kiwanda gani? — Msomaji wa Himo, Moshi

JIBU: Ndugu yetu wa Himo, tunakushukuru kwa kueleza si alama tu bali na mahali zilipo, kwa sababu katika kazi hii mahali ilipogongwa chapa hueleza mengi kuliko chapa yenyewe. Namba ileile ikiwa juu ya mtutu inaweza kuwa mwaka, ikiwa kwenye pete ikawa sehemu ya namba ya bunduki, na ikiwa chini ya taji ikawa namba ya mkaguzi wa kiwandani. Anayeanza kwa kusoma herufi kabla ya kutazama ziko wapi hupotea mapema, na hapo ndipo jirani yako, pamoja na heshima zote tunazompa, alipoteleza.

Tuanze na komeo. Hiyo ni bolti, yaani chuma kinachosukuma risasi ndani ya mtutu na kuifungia humo, na kwa maelezo yako ni bolti ya bunduki ya Kiingereza ya jamii ya Lee-Enfield. Namba K 4172 ni namba ya bunduki. Waingereza walikuwa na desturi ya kuigonga nyuma ya shina la mkono wa bolti, na namba hiyohiyo ilipaswa kuonekana kwenye mwili wa bunduki, yaani chuma kikuu kinachobeba bolti na kupokea mtutu, na pia kwenye mtutu wenyewe. Herufi kubwa iliyotangulia namba ni dalili nzuri ya Uingereza. Wajerumani walifanya kinyume: waliandika namba kwanza, kisha wakaweka herufi ndogo ya mwandiko wa mkono baada yake au chini yake.

Taji, 27 na E ni chapa ya mkaguzi, na herufi E inamtambulisha kuwa mkaguzi wa kiwanda cha serikali cha Enfield, kaskazini mwa London. Namba 27 ni yake yeye, aliyepewa ili chuma kikija kuleta hitilafu ijulikane nani alikipitisha, na haina uhusiano wowote na mwaka 1927. Hata hivyo, chapa ya mkaguzi inathibitisha kwamba chuma hicho kilikaguliwa na kukubaliwa. Haithibitishi kwamba bunduki nzima kilimowekwa ilitoka Enfield. Bolti zilihama. Bunduki ilipoharibika na kupelekwa kwa fundi wa jeshi, alichukua bolti nzuri kutoka kwenye bunduki nyingine iliyokufa, akaijaribu, akafuta namba ya zamani au akaikata kwa mstari, kisha akagonga mpya. Ukiitazama bolti yako kwa makini na kuona kwamba uso wa chuma chini ya K 4172 umebonyea kidogo, au kwamba panaonekana mabaki ya tarakimu nyingine, basi umeshika chuma kilichowahi kutumika katika bunduki mbili.

Jina la kiwanda kilichounda bunduki nzima halikai kwenye bolti. Katika Lee-Enfield fupi, ile inayoitwa Mark III iliyoingia jeshini mwaka 1907, liko upande wa kulia, kwenye shingo ya chuma inayoshika kitako cha mbao, chini ya mkono wa bolti. Hapo pana taji, herufi za mfalme aliyekuwa akitawala, jina la kiwanda, mwaka wenye tarakimu zote nne, na aina ya bunduki. ENFIELD limeandikwa kwa ukamilifu. B.S.A. Co. ni kampuni ya Birmingham Small Arms, na L.S.A. Co. ni London Small Arms. Bunduki za Ishapore karibu na Kolkata na za Lithgow huko Australia zina majina ya miji yao. Kinyota kidogo kinachofuata tarakimu III si pambo: kinaonyesha mfano uliorahisishwa mwaka 1916, wakati vita vilipodai bunduki nyingi kwa haraka, na baadhi ya vipande, kama kile kibati cha kufunga magazini, vikaachwa. Vyuma vidogo vya bunduki hizo vina vifupisho tu, kwa mfano EFD kwa Enfield na B kwa Birmingham, na katika miaka ya vita vilitengenezwa na karakana nyingi ndogo kisha vikakusanywa pamoja, kwa hiyo si ajabu bunduki moja kuwa na vifupisho vitatu au vinne.

Ipo alama nyingine ambayo barua yako haikuitaja, lakini huenda imefichwa na kutu, nayo ni mshale mpana wenye mistari mitatu inayokutana kwenye ncha. Wengi huudhani ni nembo ya kiwanda. Mshale huo ni alama ya mali ya serikali ya Uingereza, na makoloni yalikuwa na namna yao ya kuugonga: Kanada mshale ndani ya herufi C, India mshale juu ya herufi I, Australia mshale kati ya herufi D mbili, na Afrika Kusini mshale ndani ya herufi U. Kwa mtu wa Himo alama hii ya mwisho ina uzito wa pekee, kwa sababu majeshi ya Waingereza yaliyopita hapo Machi 1916 chini ya Jenerali Smuts yalikuwa na askari wengi wa Afrika Kusini. Mishale miwili ikigusana kwa ncha maana yake ni kwamba silaha iliondolewa jeshini na kuuzwa.

Sasa pete. Hiyo ndiyo iliyotufurahisha zaidi. Pete inayobana mtutu na mbao pamoja, yenye herufi ya maandishi ya Kijerumani ya kizamani chini ya taji, ni chuma cha bunduki ya Kijerumani, na ile herufi ni alama ya mkaguzi. Namba 36 ni tarakimu mbili za mwisho za namba ya bunduki. Viwanda vya Ujerumani vilianza kuhesabu upya kila mwaka, na hesabu ilipofika elfu kumi vilirudi mwanzo na kuongeza herufi a, kisha b, na kuendelea. Namba kamili iliwekwa kwenye vyuma vikubwa, na vidogo kama pete, parafujo na vipande vya kilengeo vikapata tarakimu mbili za mwisho tu, ili vikifunguliwa mezani kwa usafi virudi kwenye bunduki yake. Kwa hiyo ukikuta 36 kwenye pete ya Kijerumani, tafuta bunduki ambayo namba yake inaishia na 36, usitafute kalenda. Jirani yako angekuwa na hoja kama tarakimu hizo zingekuwa kwenye mtutu wa Kiingereza, kwa kuwa Waingereza waliwahi kuandika mwaka wa mtutu kwa tarakimu mbili. Lakini hazipo huko.

Kiwanda cha pete hiyo hatuwezi kukitaja, na mtu yeyote atakayekitaja kwa herufi moja ya mkaguzi anakisia. Kama mfereji wenu utafukua mwili wa bunduki, tazama sehemu ya juu, pale mtutu unapoingia. Kwenye Gewehr 98, bunduki ya milimita 7.92, pana taji, jina na mwaka kamili. Amberg, Danzig, Erfurt na Spandau ni viwanda vya serikali, D.W.M. ni kampuni ya Berlin, na Mauser wa Oberndorf waliandika jina lao refu. Ikiwa upande wa kushoto utasoma I.G.Mod.71, basi hiyo ni Mauser ya mwaka 1871, ya milimita 11, inayobeba risasi moja tu na kutumia baruti yenye moshi mwingi. Vita vilipoanza mwaka 1914, kampuni nyingi za askari wa Kijerumani hapa kwetu zilikuwa bado na bunduki hiyo, na moshi wake uliwafichua kila walipofyatua.

Je, vyuma vya pande mbili vimefikaje shamba moja? Himo iko njiani kutoka Taveta kwenda Moshi. Tarehe 11 na 12 Machi 1916 Waingereza na Wajerumani walipigana kwenye vilima vya Latema na Reata, siku chache baadaye Moshi ikachukuliwa, na tarehe 21 walikutana tena Kahe. Hayo yanatosha kueleza. Lakini lipo jambo la kuzingatia kabla hujasema kwamba Mwingereza aliangusha bolti na Mjerumani akaangusha pete. Mwingereza aliposhindwa Tanga mapema Novemba 1914 aliacha ufukweni mamia ya bunduki na risasi zipatazo nusu milioni, na askari wa von Lettow-Vorbeck, kamanda wa majeshi ya Kijerumani hapa kwetu, wakazitumia. Bolti ya Enfield iliyofukuliwa Himo huenda ilishikwa mara ya mwisho na askari mweusi aliyepigana chini ya bendera ya Ujerumani. Chapa hutuambia chuma kilizaliwa wapi, na haituambii nani alikuwa nacho.

Kuhusu usafi, tunakusihi usitumie msasa, brashi ya waya, siki wala ndimu. Chapa hizi zina kina kidogo sana, na kutu ikishakula pembeni, msuguo mmoja wa msasa unaweza kuondoa kilichobaki. Loweka chuma katika mafuta laini ya mashine kwa siku kadhaa, toa udongo kwa kijiti cha mwanzi na brashi kuukuu ya meno, kisha kausha. Usiku, zima taa ya chumba na ulaze tochi ubavuni ili mwanga upite juu ya chuma kwa mshazari, na kila mkwaruzo utatupa kivuli. Zungusha tochi polepole huku ukipiga picha. Tarakimu ambayo haikuonekana mwanga ukitoka kaskazini hujitokeza ukitoka mashariki. Unga wa chaki uliopakwa kidogo na kufutwa kwa kiganja husaidia kwenye chapa yenye kina.

Mwisho, ndugu yetu, lazima tuseme wazi. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 haijali umri wa kutu. Bolti ni sehemu ya silaha, na kuiweka sandukuni bila kibali ni kujitafutia matatizo. Piga picha zako, andika ilipopatikana na kwa kina gani, kisha ripoti kituo cha polisi, ukieleza kwamba ungependa kipelekwe kwa watu wa Makumbusho ya Taifa. Risasi au kitu chochote kinachofanana na bomu kikionekana mferejini, msikiguse kabisa. Simamisheni kazi na muwaite polisi wafike wenyewe.

SWALI: Ndugu Mhariri, marehemu babu yetu alikuwa askari wa K.A.R. (King's African Rifles, jeshi la Waingereza la enzi ya ukoloni). Katika vitu vyake tumekuta kitako cha mbao kilichovunjika, chenye kisahani cha shaba upande wa kulia kilichoandikwa 6 KAR na namba 118, pamoja na kipande kidogo cha chuma kama kizibo chenye herufi L na B zilizoungana na namba 2. Mjomba anasema 2 ni Vita vya Pili. Je, bunduki ya babu ilikuwa ya aina gani? — Mjukuu, Kijenge, Arusha

JIBU: Dada yetu, poleni kwa kufiwa, na hongereni kwa kuvihifadhi vitu hivyo.

Kisahani cha shaba si chapa ya kiwanda. Lee-Enfield fupi za awali zilitobolewa kitako na kuwekewa kisahani hicho makusudi ili kikosi kiandike jina lake na namba ya bunduki katika ghala lake, na utaratibu huo uliachwa katika mabadiliko ya mwaka 1916. Hivyo 118 ni namba ya ghalani, ambayo askari aliikariri kama jina lake, na mbao hiyo ni ya bunduki ya muundo wa zamani. Kikosi cha Sita cha King's African Rifles ndicho kilichohusishwa na Tanganyika. Baada ya Uhuru wa 1961 kikawa Tanganyika Rifles, ambayo ilivunjwa kufuatia maasi ya Januari 1964, na Septemba mwaka huohuo JWTZ ikaundwa.

Kizibo chenu ni kichwa cha bolti, na ni cha bunduki nyingine kabisa. Herufi L na B zilizoungana ni za kiwanda cha Long Branch karibu na Toronto, Kanada, kilichounda Lee-Enfield Namba 4 kuanzia mwaka 1941. Namba 2 ni saizi. Vichwa vya bolti vya bunduki hiyo vilitengenezwa kwa saizi nne, 0 hadi 3, kila kimoja kikiwa kirefu kidogo kuliko kilichotangulia, na fundi alichagua kinachoziba sawasawa nafasi kati ya bolti na kitako cha risasi. Chuma kikilika kwa matumizi, alitoa 1 akaweka 2. Mjomba amekisia mwaka sawa, kwa kuwa kipande hicho ni cha miaka ya Vita vya Pili au baadaye, ila namba hiyo siyo iliyousema.

Kwa kuwa kichwa cha Namba 4 hakiingii kwenye bolti ya bunduki fupi ya zamani, mnavyo vipande vya bunduki mbili. Yawezekana babu alizitumia zote mbili kwa nyakati tofauti. Yawezekana pia aliviokota ghalani vikiwa vimetupwa. Kama mnayo picha yake akiwa na sare, tazameni mdomo wa bunduki: ya zamani ina kofia nene ya chuma inayofika karibu na mwisho wa mtutu, na Namba 4 ina mtutu unaochomoza wazi mbele ya mbao. Picha hiyo itawajibu kuliko sisi. Bunduki za Namba 4 za viwanda vingine nazo hutambulika: herufi S yenye kona za mraba ni ya Savage wa Marekani, ambao pia waliandika U.S. PROPERTY ubavuni, M47C ni kiwanda cha BSA huko Shirley, na ROF ikifuatwa na F au M ni viwanda vya serikali vya Fazakerley na Maltby. Kitako cha mbao hakina shida, lakini kichwa cha bolti kifikisheni polisi kwa utaratibu tulioueleza hapo juu.

SWALI: Kuna mtu hapa mjini ananiuzia mwili wa bunduki anaosema ulikuwa wa askari wa von Lettow-Vorbeck. Juu umeandikwa byf na 44, ubavuni una tai mdogo na WaA135, na karibu yake K.S. Anasema K.S. ndiyo inayothibitisha. Ninunue? — Msomaji wa Kaloleni, Arusha

JIBU: Usinunue. Herufi byf ni msimbo wa siri wa kiwanda cha Mauser cha Oberndorf uliotumika wakati wa Vita vya Pili, na 44 hapo ni mwaka kweli: 1944. Tai mwenye WaA135 ni chapa ya wakaguzi wa jeshi la Ujerumani wa wakati huohuo. Von Lettow-Vorbeck alisalimisha silaha Abercorn, sasa Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, miaka ishirini na sita kabla chuma hicho hakijatengenezwa.

K.S. ni alama halisi, kifupi cha jina la Kijerumani la jeshi la ulinzi la makoloni, na ilipatikana kwenye baadhi ya bunduki za wakati wa Kaiser, yaani mfalme wa Ujerumani. Kwa sababu ni adimu na wakusanyaji wanaipenda, ndiyo hugongwa na walaghai. Kwenye chuma cha 1944 haiwezi kuwapo kwa haki. Ukiiweka chini ya kioo cha kukuzia, linganisha kingo zake na zile za byf: chapa ya kiwandani iligongwa kabla chuma hakijapakwa rangi yake nyeusi, kwa hiyo ndani ya mifereji ya herufi rangi ni ileile ya uso unaoizunguka. Chapa iliyoongezwa juzi huonyesha chuma cheupe chini ya rangi, au kutu changa ya machungwa, na ukingo ulioinuka ambao ukipitisha ukucha utausikia.

Hata kama alama zote zingepatana, mwili wa bunduki ni silaha mbele ya sheria, na muuzaji asiye na leseni hawezi kukupa uhalali asio nao yeye mwenyewe.